Mama Asa Apanda Gari la Posta

Ndugu yangu Lemuel Pruett alikuwa mtu wa watu. Nalisema hili bila kejeli, kwa sababu nilimpenda na bado nampenda. Mtu akipita barabarani, hata awe mwizi wa farasi, Lemuel angemwita ashuke anywe kahawa. Shida ni kwamba kahawa hiyo haikuchemshwa na Lemuel. Ilichemshwa na mke wake, Almira, na kama Almira alikuwa na nguo za kufua au mtoto mgonjwa mapajani, basi ilichemshwa na mimi, Kezia, dada wa Lemuel, niliyekuja kukaa nao baada ya mume wangu kufa kwa homa kule Missouri.

Tulikuwa Idaho, kwenye tambarare ya vichaka vya kijivu ambako upepo hautulii. Nyumba yetu ilikuwa ya magogo, na paa lake la udongo lilitudondoshea matope kwenye sufuria kila theluji ilipoyeyuka. Serikali ilikuwa imeahidi kwamba mtu akikaa miaka mitano, akalima na kujenga, ardhi inakuwa yake. Tulikuwa kwenye mwaka wa nne, na kila mmoja wetu alikuwa amekonda.

Barabara ya gari la posta ilipita mbele ya mlango wetu. Kituo halali cha kubadilisha farasi na kulisha abiria kilikuwa mbele, Mawe Meusi, mwendo wa kama saa mbili. Hakuna aliyelazimika kusimama kwetu. Lakini Lemuel alikuwa akilisikia gari kwa mbali, anaacha jembe shambani, anakwenda kusimama barabarani akipunga kofia. Dereva, Hosea Trask, jitu lenye ndevu nyekundu na shavu lililojaa tumbaku, hakuhitaji kupungiwa mara mbili.

"Shemeji!" alikuwa akimpigia Almira kelele kabla magurudumu hayajatulia. "Leo nimekuletea midomo minne!"

"Umewaleta na meno yao?" Almira anajibu kutoka mlangoni. "Basi wakatafune majani huko nje."

Watu wanacheka, na Lemuel anacheka kuliko wote. Almira mwenyewe anakuwa ameshageuka, ameshavuta sufuria ya maharage, ameshaanza kukata nyama ya nguruwe ya chumvi vipande vyembamba ili itoshe. Baadhi ya abiria walitaka kulipa. Lemuel alikataa kila mara. "Kwangu mgeni halipi," alisema, na kifua chake kilijaa. Wakiondoka, vyombo vinabaki, na mkono wa kuviosha ni ule ule.

Mara moja nilimwambia Almira, "Wifi, mkatalie."

Alikuwa akisugua sufuria kwa mchanga. "Nimkatalie mbele ya watu? Ataaibika."

"Basi mkatalie wakiondoka."

"Wakiondoka ninakuwa nimechoka, wifi. Nikimaliza kazi sina hata nguvu ya kugombana."

Walikuwa na watoto watatu: Asa wa miaka tisa, Hettie wa sita, na Orlo ambaye bado alikuwa hajaanza kutambaa. Maziwa ya Almira yalikauka vuli ile. Orlo akawa anakunywa maziwa ya Juno, ng'ombe mwekundu ambaye Almira alikuwa amemswaga kwa miguu yake mwenyewe kutoka Missouri, akitembea ubavuni mwake siku nzima nzima huku sisi wengine tumekaa kwenye gari. Katika mali yote ile, Juno pekee ndiye ambaye Almira alimwita wake.

Mwezi wa Januari dhoruba ilitushukia. Gari la posta lilifika mchana, farasi wamejaa barafu puani, Trask hana hisia vidoleni. Ndani walikuwamo Bwana Bagley, muuza miwani aliyekuwa akienda Boise na sanduku la vioo, na Bwana na Bibi Stroud waliokuwa wakienda kufungua duka. Hapa simlaumu Lemuel. Hakuna mtu ambaye angewafukuza. Tuliwaingiza wote, tukawalaza sakafuni kuzunguka jiko la chuma, na kamba ikafungwa kutoka mlangoni hadi zizini ili mtu anayekwenda kulisha wanyama asipotee.

Dhoruba haikuisha. Kuku tuliwamaliza haraka. Kulikuwa bado na unga na maharage, na Almira alikaa chini akapima kwa macho, kisha akaanza kupakua kidogo kidogo. Kipande cha mkate wa mahindi, kijiko kimoja cha maharage, kahawa iliyochemshwa mara ya tatu. Ilikuwa inatosha kumweka mtu hai. Kushiba hakukuwapo.

Bwana Bagley alikitazama kisahani chake akakiinua karibu na uso. "Nadhani nahitaji miwani yangu mwenyewe," alisema. "Maharage siyaoni."

Alikuwa anatania tu, maskini. Lakini nilimwona Lemuel akiwa mwekundu mpaka shingoni. Jioni ile alimvuta Almira pembeni, penye mapipa, na mimi nilikuwa hapo hapo nakanda unga.

"Tuna ng'ombe zizini," alisema, "na watu wanalala na njaa nyumbani kwangu."

"Tuna farasi wanne wa kampuni zizini," Almira akasema. "Chinja mmoja."

Trask alisikia. "Shemeji, nikila farasi wa kampuni nitafungwa."

"Basi kila mtu ale kijiko kimoja. Hakuna anayekufa, Baba Asa. Wana njaa tu. Juno ndiye anayemlisha mtoto."

"Mtoto atakula uji."

"Orlo uji anautapika. Unajua."

Lemuel alirudi kukaa na wageni akawaomba radhi kwa sauti ya chini, na Bibi Stroud akampapasa mkono akamwambia wala asijali.

Alfajiri niliamka kwa sababu ya baridi. Mlango ulikuwa umefunguliwa na kufungwa. Nilivaa viatu, nikaifuata kamba mpaka zizini, nikamkuta Juno amelala chini na shingo imeshakatwa, na Lemuel amepiga magoti kwenye theluji nyekundu, anachuna ngozi. Asa alikuwa ameshika taa, analia bila sauti.

"Usinitazame hivyo, dada," Lemuel alisema. "Mtu hawezi kukaa na watu wenye njaa na huku ana nyama."

Nyuma yangu nilisikia theluji ikikanyagwa. Almira alikuwa amekuja, shali kichwani, Orlo ndani ya shali. Alitazama. Nilingoja apige kelele. Nilitaka apige kelele. Alisema hivi tu, "Leteni ini kabla halijaganda," akageuka akarudi ndani.

Aliipika nyama ile mwenyewe. Alikaanga ini na vitunguu vya mwisho, akachemsha mifupa, akachoma mbavu. Wageni walikula mpaka mafuta yakawatiririka kwenye ndevu, na Bwana Stroud akaimba. Almira hakuonja. Alikaa kitandani akimlisha Orlo maziwa yaliyokuwa yamebaki kwenye mtungi, kijiko baada ya kijiko, taratibu.

Kesho yake, mchana, upepo ukakoma. Jua likatoka kana kwamba hakuna kilichotokea. Trask alikwenda kuitazama barabara akarudi akasema njia inapitika, na wakafunga farasi. Wote walimpa Lemuel mkono. Bibi Stroud, akiwa mguu mmoja garini, alimwinamia Almira. "Mungu amekupa mume mkarimu sana, mama."

"Ndiyo," Almira alisema. "Kila mtu huniambia."

Majuma yaliyofuata sipendi kuyakumbuka. Orlo alitapika uji, na alipoacha kuutapika alikuwa amebaki macho na mbavu. Lemuel alipanda farasi kwenda kwa majirani zetu Wahalvorsen ng'ambo ya kijito. Ng'ombe wao alikuwa amekauka. Akaenda mbali zaidi, akarudi na pua imebabuka kwa baridi na mikono mitupu. Mwishowe Mama Halvorsen, ambaye alijua maneno machache sana ya kwetu, alikuja mwenyewe amevuta mbuzi kwa kamba. "Maziwa," alisema, akamwelekeza mtoto kwa kidole. "Kopesha. Mpaka majani kuota." Mbuzi yule ndiye aliyemponya Orlo.

Almira hakumgombeza mumewe hata siku moja. Alipika, alifua, alishona viraka, alijibu alipoulizwa. Gari la posta liliporudi na abiria wapya, na Lemuel akapunga kofia kama kawaida, naye alivuta sufuria kama kawaida. Trask alipiga kelele zake, "Shemeji, midomo mitano!" na hakujibiwa. Nilimwona akitafuna tumbaku yake polepole, akimtazama.

Mwezi wa Mei, tope likiwa bado linafika kwenye vifundo vya miguu, nilimkuta Almira asubuhi amevaa gauni lake la kanisani na kofia ya majani, ingawa kanisa lilikuwa mbali na siku ile haikuwa Jumapili. Alikuwa amefunga bunda dogo. Orlo alikuwa mgongoni.

"Wifi," aliniambia, "unga uko kwenye pipa la kushoto, la kulia lina wadudu. Hettie anakohoa asubuhi, mpake mafuta kifuani. Mbuzi akamuliwe mara mbili kisha arudishwe kwa mwenyewe mwisho wa mwezi."

"Unakwenda wapi?"

Wakati huo huo tulilisikia gari. Alitoka mpaka barabarani akasimama pale pale ambapo Lemuel husimama. Trask akavuta hatamu.

"Shemeji?"

"Una nafasi?"

Trask aliitazama kofia yake, akalitazama bunda. Safari hii hakutania. "Kwako wewe ipo siku zote. Nimekula mezani kwako miaka mingapi? Panda."

Lemuel alikuwa akilima upande wa pili. Alikuja mbio, magoti yakiwa tope tupu, akashika mlango wa gari. Ndani kulikuwa na abiria wawili waliojifanya wanatazama milima.

"Mama Asa! Unakwenda wapi?"

"Boise. Kwa binamu yangu Drusilla."

"Kufanya nini?"

"Kulala," alisema Almira.

"Kulala? Kwani hapa huna kitanda?"

Alimtazama bila hasira, kama mtu anayetafuta neno na kuona kuwa liko juu sana kabatini. "Shangazi yenu yupo," akawaambia Asa na Hettie waliokuwa wamesimama mlangoni. "Msikilizeni." Hettie akaanza kulia. Nilimwona Almira akikaza taya, nikadhani atashuka. Hakushuka. Trask akapiga mluzi, farasi wakavuta.

Nitasema ukweli: nilikasirika. Nilikuwa na miaka arobaini na tatu na mgongo unaouma, na sasa nimeachiwa nyumba nzima, watoto wawili, mbuzi wa watu na mwanamume aliyesimama barabarani akiwa ameduwaa. Na chini ya hasira kulikuwa na wivu. Mimi pia ningependa mtu aniulize ninakwenda wapi, nami nijibu vile.

Siku chache baadaye Lemuel aliingia ndani akitweta. "Dada, gari linakuja. Abiria sita."

Nilikuwa nakunja nguo. "Wape salamu zangu."

"Watakula nini?"

"Wageni ni wako, mdogo wangu, na sufuria ndiyo ile. Mimi ni dada yako, siyo mke wako. Nitapikia watoto, nitakupikia wewe. Barabara siipikii."

Alidhani natania. Alipoona sitanii, alivua kofia akawasha jiko. Aliweka kuni nyingi mno. Mkate wa mahindi ukaungua chini na ukabaki maji juu. Maharage, aliyokuwa hajayaloweka, yaligonga kwenye sahani kama changarawe. Trask alitafuna, akatafuna tena, kisha akatoa kitu mdomoni akakiweka mezani kwa heshima.

"Lem, hii ni risasi au harage?"

"Kula."

"Nakula, ndugu yangu, nakula. Ila shemeji akirudi nitampigia magoti."

Mwanamke mmoja mwenye kofia ya manyoya aliuliza kama kuna chakula kingine. Lemuel alimwangalia. Masikio yake yalikuwa mekundu, kidole amekiunguza, jasho linadondoka kwenye kahawa ya watu. "Hapana, mama," alisema. "Kilichopo ndicho hicho." Walipoondoka alisimama mbele ya lundo la vyombo muda mrefu. Kisha akaviosha. Hakuviosha vizuri, lakini nilimwacha.

Alijaribu tena mara tatu au nne. Alikuwa mkaidi, na kukataa watu kulimuuma kweli. Lakini alikuwa pia na ngano ya kulima peke yake, na maji ya kuteka, na Hettie aliyeamka akimwita mama yake. Siku moja katikati ya Juni nilimwona akienda barabarani gari likija. Hakupunga kofia. Aliinua mkono akamwambia Trask, "Mawe Meusi kuna chakula. Kisima kile pale, nywesheni farasi." Akarudi shambani bila kugeuka nyuma.

Tulipata habari za Almira kwa mdomo wa Trask. Binamu yake alikuwa na tanuri la mikate Boise. Almira alioka alfajiri, na mchana alilala. "Nilikwenda kumsalimu," Trask alisema, "nikaambiwa kalala. Nikarudi safari nyingine, kalala. Lem, sijaona mtu analala namna ile. Mtoto kanenepa, ana mashavu kama mikate yenyewe."

Lemuel alikuwa akikuna shingo ya farasi. "Mwambie kwamba Hettie ameng'oka jino."

Safari iliyofuata Trask alileta jibu. "Amesema: la juu au la chini?"

"Mwambie la chini. Na mwambie..." Alikwama. "Mwambie nilikosea juu ya Juno."

Trask alitema tumbaku upande wa pili wa gurudumu. "Hilo kamwambie mwenyewe. Mimi nabeba barua za watu, sibebi machozi."

Ilimchukua Lemuel siku kadhaa kukubali. Alinikuta nikipalilia, akachuchumaa karibu yangu.

"Dada, unadhani ni kwa sababu ya ng'ombe?"

"Wewe unadhani nini?"

Aling'oa magugu, akayapangusa udongo. "Nilikuwa naona watu wanashuka wamechoka, nami nawapumzisha. Nilijiona mtu mwema. Sikuwa nauona mkono unaowapumzisha."

"Mkono ulikuwa mbele ya macho yako, Lemuel. Ulikuwa unakupakulia."

"Ndiyo," alisema. "Ulikuwa unanipakulia na mimi."

Alipanda gari la posta kwenda Boise akiwa ameketi juu na Trask, ndevu amenyoa vibaya. Mimi na Asa tulibaki tukielekeza maji ya mfereji kwenye ngano, na kwa siku alizokuwa hayupo niliinama na kuinuka mpaka nikasahau mgongo ulio wima unakuwaje. Alirudi peke yake. Hettie alikimbilia garini, akaangalia ndani, akarudi ndani ya nyumba.

"Amesemaje?" nilimuuliza.

"Kwanza alinifanya ningoje aamke." Alikaa kwenye gogo la mlangoni. "Nikamwambia yote. Alisikiliza huku akinyonyoa kuku. Kisha akasema hajui kama anaweza kurudi, na mimi nisimwahidi kitu, kwa sababu mimi huahidi kila anayepita. Akanipa chakula. Nikaosha sahani yangu."

"Basi?"

"Basi. Orlo hakunitambua, dada. Alilia nilipombeba."

Ngano tuliivuna kwa shida. Wahalvorsen walikuja kutusaidia, na Lemuel akaenda kwao kuwasaidia, na kwa malipo ya kuwachimbia kisima walimpa ndama jike. Alimwambia Asa asimpe jina; hilo lilikuwa la Almira.

Almira alishuka kutoka kwenye gari la posta Septemba mwishoni, alasiri. Trask alishuka kwanza akamshikia mkono kama bibi wa gavana. Almira alikuwa amejaa usoni. Orlo alisimama kwa miguu yake kwenye vumbi, ameshika sketi ya mama yake, akitutazama sote kama wageni. Hettie hakukimbia. Alisimama nyuma yangu mpaka Almira alipopiga magoti, akangoja, akangoja tena, ndipo mtoto akaenda.

Lemuel alikuwa amesimama, mikono haina pa kukaa.

"Sijarudi kupikia barabara," Almira alimwambia mbele ya Trask na mbele ya abiria, kwa sauti ya kawaida. "Mgonjwa nitampokea. Aliyepotea nitampokea. Wengine wana kituo chao."

"Najua."

"Na kilicho changu hukigusi bila neno langu."

"Najua, Mama Asa."

Abiria mmoja, mzee, alitoa kichwa dirishani akauliza kama tunasimama kula. "Hatusimami!" Trask alimfokea, akapanda kitini pake.

Jioni ile Lemuel alipika. Alikuwa amejifunza kuloweka maharage. Tulikula, na vijiko vilisikika. Almira alimaliza sahani yake.

"Chumvi imezidi," alisema.

"Najua. Huwa nasahau kama nimeshatia, natia tena."

"Onja kabla ya kutia."

"Haya."

Nisiseme kwamba walipendana upya siku ile, maana sikuona hivyo. Kwa miezi mingi walizungumza kama majirani wanaogawana mfereji mmoja wa maji, kwa adabu na kwa tahadhari. Hati ya ardhi ilikuja mwaka uliofuata, ikiwa na majina yao. Reli ilipojengwa ilipita mbali nasi, na gari la posta likaacha kuja, na majani yakaota kwenye barabara ile mpaka ikawa ni mifereji miwili tu ya magurudumu. Wakati huo walikuwa wameanza kuchekeshana tena, mara chache, juu ya mambo madogo.

Lakini siku ile ya kwanza hapakuwa na wakati wa kuyafikiri hayo. Usiku umande uliganda ukawa mweupe juu ya majani, nasi tulikuwa bado na viazi ardhini. Asubuhi Almira aliliacha gauni la kanisani, akafunga aproni yake ya zamani, akachukua uma wa kuchimbia. Lemuel alishika mstari wa kwanza, yeye akashika wa pili, mimi wa tatu, watoto wakafuata nyuma na magunia. Tulichimba mpaka jua likazama, na tulipoingia ndani hakuna aliyekuwa na nguvu ya kuvua viatu.